Wajukuu wa Manamba na Simu ya Mwalimu

Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote iliyo kando ya reli kati ya Muheza na Mombo, usome majina kwa sauti. Utaanza na Mhina, Shemdoe na Shekilindi, majina ya wenyeji. Kisha watakuja Ngonyani, Komba, Mgaya na Sanga, na nyuma yao majina marefu yanayoanza na Nta na Ndi, ambayo mwalimu mgeni huyaruka kwanza, akayarudia baadaye akiwa amejipanga. Asiyejua atadhani hiyo ni shule ya bweni inayochukua watoto wa nchi nzima. Kumbe ni ya kutwa, na watoto wamezaliwa hapa hapa. Wengi wao Songea, Njombe na Kasulu wanazisikia redioni tu. Waliowafikisha huku ni babu zao, na babu zao waliletwa na mkonge.

Nafundisha historia kwenye shule moja ya namna hiyo. Kidato cha Tatu tunasoma uchumi wa kikoloni: mashamba makubwa, walowezi, kodi ya kichwa, kazi za mkataba. Tunasoma kwa Kiingereza, kama mjuavyo. Mtoto anakariri sifa tano za kazi ya mkataba, anazimwaga kwenye mtihani, anapata alama zake, halafu anarudi nyumbani kumkuta babu amekaa barazani na kovu la mwiba wa mkonge kwenye kigimbi. Haijampitia akilini kwamba alizoandika ni habari za huyu mzee. Simlaumu. Hata mzee mwenyewe ukimwambia kwamba yumo kwenye kitabu cha shule atakucheka.

Klabu yetu ya historia ilianza na kompyuta chache za chumba cha TEHAMA, siku zile umeme unapokuwepo na mtandao ukiamua kushirikiana nasi. Habari za mkonge mtandaoni ni tele. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 nchi ikajaa mkonge, hadi mwaka 1964 tulipozalisha takribani tani 230,000 na kuongoza duniani. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na karibu tani 20,000. Mwanafunzi mwenye kidole chepesi anayapata yote hayo kabla kengele ya kipindi haijalia.

Binti mmoja, mkorofi wa maswali, ndiye aliyeona kasoro. Aliuliza: miche imehesabiwa mpaka wa 62, mbona watu hawakuhesabiwa?

Walihesabiwa sana, nikamwambia. Walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mabwana mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyoundwa 1944, na kazi yake ilikuwa kwenda kuwatafuta vijana Uha, Urundi, Ubena, Ukinga na Ungoni, kuwaandikisha na kuwasafirisha mpaka mashambani. Hesabu zipo. Kinachokosekana ni mtu mwenyewe akisema.

Tulizunguka pia kwenye hifadhi ya picha za kikoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, ambayo imeweka mtandaoni maelfu ya picha za wakati wa Wajerumani. Yeyote anaweza kuzitazama. Mashamba ya mkonge yamo, mitambo imo, singa, yaani nyuzi za mkonge, zimeanikwa kwenye waya hekta kwa hekta. Maelezo ni ya Kijerumani, na programu ya kutafsiri inatosha kuyaelewa. Hutaja shamba, hutaja mtambo, mara nyingine hutaja bwana aliyevaa kofia. Jina la aliyebeba mzigo hulikuti, au ni kwa nadra mno. Wanafunzi walizichapa baadhi kwenye karatasi wakaenda nazo kijijini. Huko ndiko mambo yalikogeuka. Wazee walizishika, wakasogeza mbali na macho, na hawakuzungumzia mitambo kabisa. Walizungumzia mikao. “Huyu hajui kukata,” mzee mmoja alisema akigusa picha, “tazama mguu wake. Ukisimama hivyo, saa nne tu mgongo umekufa.” Miaka mia na kitu imepita, na yule kijana wa kwenye picha alikuwa bado anakosolewa na mkataji mwenzake.

Tangu hapo nimeamini kwamba kwa shule kama yetu kazi kubwa ya intaneti ni kumfikia mtu aliye hai. Kusoma kurasa ni kazi ndogo. Mtu mwenyewe huwa hayuko mtandaoni. Aliyeko ni mjukuu wake, au jirani mwenye simu janja, au kijana wa duka la miamala.

Njia huwa hivi. Mwanafunzi hana simu shuleni, hairuhusiwi, kwa hiyo inatumika ya mwalimu, na bando ni la mwalimu. Mwanafunzi anakuja na namba ya mjomba aliyeko Dar es Salaam. Mjomba yumo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile la michango ya misiba na harusi. Mle ndani yumo binamu wa Makambako, na binamu wa Makambako kila Jumapili humpelekea bibi dawa kijijini. Jumapili hiyo bibi anawekewa simu mdomoni. Makundi ya ukoo, ambayo sote tunayalalamikia kwa salamu za asubuhi zenye maua na video zisizoisha, ndiyo hifadhi ya watu yenye mpangilio kuliko zote nilizowahi kuona. Kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani, na aliyefariki anajulikana kafariki msimu gani.

Simu ya video tuliijaribu tukaiacha. Mzee akiona uso wake kwenye kioo hukaa kama anapigwa picha ya pasipoti, anajibu ndiyo na hapana, na mtandao ukikwama hapo ndipo kila mtu anapopiga kelele. Ujumbe wa sauti umetufaa. Mwanafunzi anasema shikamoo babu, anajitambulisha kwa ukoo, anauliza swali moja, anatuma. Mzee anasikiliza hata mara nne, analala nalo, na jibu linakuja kesho yake alfajiri, dakika kumi na moja, huku jogoo wanawika na mtu anafagia uwanja.

Na maswali nayo yana namna yake. “Babu, tueleze historia ya mkonge” inakuletea hotuba. Mzee anajikohoza, anamshukuru mgeni rasmi asiyekuwepo, anasema zamani kulikuwa na nidhamu. Lakini muulize kisu alikinoa kwa kitu gani, hapo umemfungulia mlango. Kisu kililalia upande mmoja, kilinolewa kila mapumziko, mwenye kisu butu jioni alikuwa hajamaliza kazi yake. Majani yalifungwa 30 kwa 30. Nyapara akipita akakuta fungu lina 28, fungu zima halihesabiwi, na usipomaliza kazi ya siku, siku yenyewe haiandikwi kwenye kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyoandikwa haikuwepo. Kwa hiyo mwezi wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda, na mzee akikwambia alikaa shambani “miezi ishirini na nne” unapaswa kumuuliza ni miezi gani.

Bibi mmoja wa upande wa Ngomeni alitueleza habari za maji ya mkonge. Jani likipita kwenye korona, ule mtambo wa kuponda, linatoa maji ya kijani yanayonuka uchachu, na yakikugusa unawashwa mpaka utamani kuvua ngozi. Yeye alifanya kazi ya kuanika singa. Wanawake walijipaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuingia kazini, wasiokuwa na nazi wakajipaka mafuta ya taa, na watoto wachanga walilazwa mbali, upande ambao upepo haupulizi. Anasema mpaka leo akisikia harufu ya mkonge mbichi anakuna kiwiko. Wanafunzi walicheka, naye akacheka, kisha akawauliza kama kwenye kitabu chao kuna mwanamke hata mmoja anayefanya kazi shambani. Wakanyamaza wakifikiri. Hakuna.

Mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde, ulioanza 1958, kwenye vitabu ni habari ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Kwa mzee tuliyempata karibu na Mombo ilikuwa habari ya posho: unga umesimama, maharage yamesimama, wake za wagomaji wakaingia kwenye kuni na vitumbua, na wenyeji wa milimani wakawakopesha ndizi. Nani aliyelisha mgomo? Swali hilo sijaliona kwenye mtihani wowote, nami nimesahihisha mingi.

Kuna wakati karatasi na mzee hugongana, na hapo ndipo watoto hujifunza kazi hasa. Mzee mmoja Muha alisema alifika mwaka Malkia Elizabeth alipovikwa taji, maana yake 1953, na kwamba walikuja na treni mpaka Korogwe. Kijana mmoja wa klabu, mpenda reli, akaruka: haiwezekani! Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilikamilika 1963, kabla ya hapo treni ya Kigoma haikuwa na njia ya kufika Korogwe. Yupo aliyetaka tuandike kwamba mzee amesahau. Tukamrudishia swali kwa adabu zote. Jibu lilikuja na kicheko kirefu. Treni ya Kigoma iliwashusha Morogoro. Kutoka hapo wakapandishwa malori, wamesimama, wamefunikwa blanketi mpya za kuandikishwa, wakafika Korogwe usiku wa pili. Asubuhi wakapakiwa kwenye kitreni cha shamba, kile cha reli nyembamba cha kubebea majani, mpaka kambini. “Sasa mimi nimekuja na treni au sikuja nayo?” Yule kijana wa reli ameandika jibu hilo kwenye jalada la daftari lake.

Kitu kimoja hakikuwemo kwenye mpango wangu wa kazi: wazee nao wana maswali, na maswali yao yana uzito kuliko yetu. Sisi tunauliza ili tujaze daftari. Wao wanauliza kwa sababu wana watu. Karibu kila mzee tuliyezungumza naye, baada ya kutujibu mawili matatu, alisema: sasa ninyi mlio na mtandao, niangalizieni fulani. Dada aliyeachwa Makete. Rafiki wa kambi moja aliyerudi Msumbiji. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke wa Kidigo akapelekwa kwa wajomba. Kuna watafiti wamepita huku na vinasa sauti vyao, wakachukua walichotaka, wakaondoka, na wazee wanawakumbuka mmoja mmoja. Kwetu nimeweka sharti: swali la mzee linafanyiwa kazi kwanza, letu linafuata. Wanafunzi walinung'unika kwamba hiyo siyo historia, ni ofisi ya kupotelewa na ndugu. Nikawaambia watafute kwanza, halafu tutabishana.

Mmoja wa waliotafuta ni mjukuu wa Wamakonde. Bibi yake alikuwa na ndugu waliovuka kuelekea Kenya miaka ya ukoloni, wakaishia kwenye mashamba ya miwa na mkonge huko Kwale. Tuliwapata kwa njia ile ile ya makundi, kutoka Tanga kwenda Horohoro, Lunga Lunga na kuendelea. Ndugu wa Kwale hakutaka kuzungumzia ngoma wala safari. Alizungumzia kitambulisho. Wamakonde wa Kenya waliishi bila uraia kizazi baada ya kizazi, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais, na mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa rasmi kama kabila la 43 la Kenya. Mtoto wa Kidato cha Tatu aliyekuwa akimsikiliza babu mdogo wake akieleza maisha ya kutoweza kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, wala kuajiriwa, alielewa ghafla kwa nini bibi yake wa Tanga anatunza kipande cha marehemu mumewe ndani ya kopo la maziwa ya unga na hataki kishikwe na mtoto.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo wapenzi wa kuweka kila kitu mtandaoni hawapendi kulisikia. Mzee mmoja, mcheshi kuliko wote, alikataa katakata kutaja mbele ya kinasa sauti mahali alikozaliwa. Tukizima, anasema. Tukiwasha, anasema “kule juu”. Ni mtu wa Urundi, alivuka akiwa kijana, kabla ya uhuru, amezaa watoto tisa Tanganyika na Tanzania, anapiga kura, amezika hapa. Lakini ameona watu wakiulizwa maswali, na anajua sauti ikishatumwa haina mwenyewe. Nani atamhakikishia kwamba haitamfikia mtu mwenye nia mbaya na wajukuu zake? Mimi siwezi.

Kwa hiyo klabu yetu haina ukurasa wa wazi, na nimeshaulizwa sana kwa nini. Sauti zinakaa kwenye diski moja shuleni na nakala moja inarudi kwenye familia, kwenye kadi ya kumbukumbu, ili mjukuu aicheze kwenye simu. Mzee anachagua: isikike darasani, isikike kwa ndugu tu, au ifutwe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nimewasomesha wanafunzi maana ya idhini kwa kutumia sheria hiyo. Ukweli ni kwamba bibi wa Ngomeni aliwafundisha vizuri zaidi: alisema sauti yake wasikilizishe yeyote, ila pale alipomtaja nyapara fulani kwa jina wapakate, kwa sababu wajukuu wa nyapara ni majirani zake na wanamchotea maji.

Natambua hasara yake. Kamusi elezo za mtandaoni zinataka chanzo kilichochapishwa, na bibi hajachapishwa. Mtoto wa Iringa anayesoma somo hili hili mwakani atapata ile miche 62 ya Hindorf na hatapata mafuta ya taa mikononi mwa wanawake wa kuanika singa. Inaniuma. Huenda tukaanza na walioridhia, kwa majina ya kubuni. Bado tunabishana, na wengi wa klabu hawako upande wangu.

Yule mzee Muha wa treni naye alikuwa na ombi lake. Alimwacha mdogo wake akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, sehemu ambayo siku hizi ni wilaya ya Buhigwe na wakati ule yote iliitwa Kasulu. Barua za kwanza zilijibiwa, za baadaye hazikujibiwa, halafu ikaja aibu ya mtu anayerudi mikono mitupu, na aibu ikazaa miaka. Wanafunzi walipitia kundi la wazaliwa wa kata ile wanaoishi Dar es Salaam. Majibu yalianza kuja baada ya siku kadhaa, mengine ya kubahatisha, mengine ya matapeli waliotaka nauli kwanza. Lililokuja la kweli lilikuja kwa kushuku. Sauti ya mtu mzima, si ya mdogo mtu bali ya mtoto wa mdogo mtu, iliuliza: huyo mzee, mama yake alikuwa anaitwaje na majirani? Na kijito cha chini ya shamba kinaitwaje? Mzee alijibu yote mawili bila kufikiri, na akaongeza habari ya mgomba uliopandwa juu ya kitovu chake.

Kimya cha siku mbili. Kisha likaja swali ambalo darasa zima halikulitegemea. Yule mtoto wa mdogo mtu aliuliza, kwa heshima, baba mkubwa shikamoo, tumefurahi mno kusikia uko hai, ila tunaomba kujua: unapiga ili kudai shamba? Kwa sababu lilishagawanywa.

Baadhi ya wanafunzi walikasirika kwa niaba ya mzee. Mzee mwenyewe hakukasirika hata kidogo. Alisema hilo ndilo swali la kwanza ambalo na yeye angeuliza, na kwamba lingemshangaza lisingeulizwa. Akajibu kwamba shamba wale, yeye anataka kujua mdogo wake anavuta tumbaku bado au ameacha, na mbuzi yule mwenye pembe moja aliishia wapi.

Mdogo mtu yuko hai, hasikii vizuri, ameacha tumbaku. Wanazungumza sasa, Kiha cha mzee kimejaa Kiswahili cha kambi na huko nyumbani wanamcheka, naye anawacheka wanavyotamka jina la Korogwe. Klabu haimo tena kwenye mazungumzo hayo, wameshapeana namba. Lalamiko pekee lililotufikia tangu hapo ni la mzee mwenyewe, alipomtuma mjukuu ofisini kwangu: kule Buhigwe hawapigi, wanabipu tu, na vocha yote ni yake. Alitaka kujua kama shule ina fungu la bando kwa ajili ya historia.